Chuo Kilikukubali, Nsimire

Nsimire,

Walikukubali. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uliulize. Kile chuo kikuu cha umma kule Amerika, cha jimbo la kusini, kilikukubali usomee usanifu wa majengo, na ufadhili kikakupa. Mimi kiliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Majibu yetu yalikuja siku moja, nawe ulikuwa umeshazikwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumsimulia haya bila kuanza kumweleza Nsimire alikuwa nani. Sina uzoefu wa kuwaandikia marehemu. Kwetu tukishazika tunasoma dua, tunakula, tunarudi kazini. Baba amepita hapa mezani akadhani ninaomba kazi, akanisogezea chai. Sikumsahihisha.

Ni Jumapili asubuhi, hapa Hillbrow, Johannesburg, kuna baridi kavu ya Julai, ile inayopasua midomo. Watu wa kanisa lenu wamepita chini ya dirisha na ngoma zao. Nitakupa habari kwa mpangilio.

Wazo lilikuwa lako, hilo lisisahaulike. Tulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, tumetoka maktaba, tumesimama kwenye robot tukingoja taa ibadilike, ukasema, "Mwajuma, tuombe Amerika." Nilidhani unazungumzia sala. Ninyi mnaombea kila kitu, nikajibu, haya, ombeni. Ukacheka mpaka kijani ikawaka na kuzimika hatujavuka. Kumbe ulimaanisha kuomba nafasi ya chuo. Nikakuambia kwamba familia zetu zinaomba kibali cha kuishi hapa tu, na kila tukienda tunaambiwa turudi baadaye, sasa wewe unataka kuongeza ombi jingine. Ukasema kwa Kiswahili chenu cha Kongo, "Njo maana. Siye tulishazoea kuomba. Tuko na uzoefu kuliko hao Waamerika wenyewe."

Mimi sikuwa na hamu ya Amerika, na ulijua. Niliingia kwa sababu hukutaka kwenda peke yako, na kwa sababu bila wewe Jumamosi zangu zingekuwa tupu.

Nilichouliza tu ni baridi. Ulizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, jengo lenu zima lilijua, lakini hukupenda ugonjwa huo utajwe mbele yako. Siku ile niliutaja kwa ajili ya ramani. Nilisema baridi inakuamshia maumivu, na Amerika ina baridi. Hukununa. Ulifungua ramani kwenye simu ukaanza kuyakata majimbo kwa kidole: hili linaganda, hili linaganda, hili haligandi ila lina vimbunga. Ukabaki na machache ya kusini, na kati ya vyuo vya huko ukachagua kile ambacho picha zake zilionyesha wanafunzi wamevaa kaptula mwezi wa Januari. Hicho ndicho kilikuwa kigezo cha kwanza. Kitivo cha usanifu kilikuja baadaye.

Fomu yenyewe ilitufanya tucheke. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kutaka kujua kama sisi au wazazi wetu tumeishi katika jimbo lile na kulipa kodi huko, maana chuo ni cha umma na wenyeji hupunguziwa ada. Ulilisoma swali kwa sauti ya mtangazaji. Kisha ukasema, "Andika: mama analipa kodi Berea kila mwezi, hata lifti ikiwa imekufa." Nikakueleza kwamba hiyo ni kodi nyingine. Ukasema kodi ni kodi, anayelipa ndiye anayejua uchungu wake.

Insha yangu ilihusu uongozi. Uliisoma ukanirudishia. "Hii iko hotuba ya waziri. Nimelala katikati." Ya kwako ilihusu ngazi za jengo lenu. Mlikaa ghorofa ya tisa na lifti haikuwahi kufanya kazi tangu mhamie, na uliandika jinsi ngazi zilivyogeuka sebule ya watu wote: mama wa Kimalawi anayeuza nyanya kwenye kona ya ghorofa ya tatu, wazee wa Uvira na Bukavu wanaopumzika katikati na kuulizana habari za nyumbani, vijana wanaopandisha friji mgongoni huku wakiimba ili mtu apishe. Uliandika kwamba aliyelichora jengo lile alidhani watu watapanda ndani ya sanduku bila kusemezana, na kwamba wewe ungependa kuchora majengo ambayo ngazi zake zina mahali pa kukaa. Hukusema hata sentensi moja kwa nini wewe mwenyewe ulihitaji mahali pa kukaa. Nilikuuliza kama hutaki wajue. Ukajibu, "Banipime kwa akili. Damu yangu haikuomba chuo."

Na ule mtihani wa Kiingereza wa mtandaoni, bado nauona. Masharti yalisema mtahiniwa awe peke yake chumbani, kimya, mlango umefungwa, na mtu wa upande wa pili wa dunia anakutazama kwa kamera. Berea! Chumba chenu kilikuwa kimegawanywa kwa pazia, nyuma ya pazia kuna yule fundi viatu aliyepanga, na siku hiyo alikuwa na mafua. Tulimsihi. Alikubali kujifunika blanketi kichwani. Ulifika katikati ya mtihani vizuri kabisa, halafu akapiga chafya, na si moja, msururu, na mwishowe akasema "Pole" kwa sauti, kwa adabu zake zote. Mtihani ukafutwa. Safari ya pili uliufanyia stoo ya kanisa, katikati ya ngoma na viti vya plastiki, na msimamizi akataka uizungushe kamera aone kuta zote. Alipoziona ngoma aliuliza hapo ni wapi. Ukamjibu kwa Kiingereza chako kilichonyooka kwamba hapo ni mahali pekee penye kimya Johannesburg. Akacheka. Ukafaulu.

Tulituma maombi tukiwa saluni kwa mama yako. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akapangusa mafuta mikononi, akaweka kidole chake juu ya chako ukabonyeza. Kisha akauliza, "Sasa?" Nikasema, sasa tunangoja. Akarudi kwenye kichwa.

Matokeo ya matric, ya kumaliza sekondari, yalitoka Januari, tukafaulu wote, wewe kwa kunizidi, mimi kwa hisabati tu nikakushinda. Hayo unayajua. Ya Februari huyajui yote, kwa hiyo nitakuambia, kwa kifupi.

Maumivu yalikuja kama yalivyozoea kuja, kwenye miguu na mgongo, nasi tukafanya yale yaliyozoeleka: maji mengi, chupa ya moto, dawa. Safari hii yakahamia kifuani. Wale vijana wa friji ndio walikushusha ngazi, wamekuketisha kwenye kiti cha saluni, na kila ghorofa watu walitoka milangoni. Hospitalini walifanya haraka, hilo nalishuhudia. Nilikuja kukuona siku iliyofuata, ukiwa na ile barakoa ya hewa, ukaisogeza ukaniuliza kama kuna jibu. Nikasema bado. Ukasema, "Eish, hao watu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwako. Si maneno makubwa. Nimeridhika nayo.

Walikuvalisha lile gauni la buluu la mahafali ya shule, ambalo…

Basi. Niendelee.

Makaburini niliketi na wanawake wa kanisa lenu. Waliimba, nami sikujua nyimbo zao, nikawa naitikia mwishoni mwa kila ubeti. Hakuna aliyenitazama vibaya na mtandio wangu. Mama yako hakulia mbele za watu. Alirudi saluni baada ya matanga na akasuka kama kawaida, isipokuwa alikuwa haongei, na wateja waliokuja kwa ajili ya umbea wakahamia saluni ya jirani.

Simu yako aliiweka kwenye rafu ya mafuta ya nywele, ikiwa imechomekwa kwenye umeme muda wote. Sikumuuliza kwa nini. Namba ya siri aliijua, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Umeme ukikatwa, kitu cha kwanza alichouliza ukirudi ni kama simu ya mutoto inapokea moto.

Siku majibu yalipotoka nilikuwa nimeshayasoma yangu njiani. Ni ujumbe wa adabu. Wanasema walivutiwa, wanasema nafasi ni chache, wanasema nisubiri. Nilitia simu mfukoni nikaendelea kutembea. Nilipofika saluni mama yako alikuwa amesimama na simu yako mkononi, ameishika kwa ncha za vidole kama sahani ya moto. Ilikuwa imelia. Hasomi Kiingereza, unajua, lakini jina lako alikuwa ameliona pale juu.

"Banasema nini?"

Nikaisoma mpaka mwisho kimya kwanza. Kisha nikasema, "Wamemkubali, Mama. Na ufadhili wamempa."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile kile walichokushushia ngazi. Nilitegemea kilio. Akasema, "Soma tena, kwa Kiswahili, polepole." Nikasoma. Palipoandikwa *hongera* akaniomba nirudie. Kisha akainuka, akasimama mlangoni, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na barabara nzima ikageuka. Mama wa nyanya, aliyekuwa anauza chini barabarani siku hiyo, alikuja mbio akiuliza nani anaolewa. Mama yako akamwambia, "Nsimire alifaulu." Yule mama hakujua atazame wapi. Mwishowe akasema hongera, akarudi akaleta nyanya kwenye mfuko.

Jumapili iliyofuata mama yako alitaka itangazwe kanisani, na akataka niwepo kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nikaenda. Baba alisema hakuna ubaya. Mchungaji alisimama, akasema tu, "Binti yetu Nsimire amekubaliwa chuo kikuu cha Amerika." Halafu mzee mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na kanisa zima likapiga, muda mrefu, wengine wakilia huku wanapiga. Nami nilipiga. Sijawahi kuona watu wakimshangilia mtu aliyekufa kwa kitu alichokipata baada ya kufa. Sijui kama ilikuwa sawa. Nakuambia tu ilivyokuwa.

Kuhusu jibu langu hakuna aliyeniuliza, nami sikulileta. Baba nilimwambia. Akasema, "Kusubiri si kukataliwa," akavaa sare yake akaenda lindoni. Unamjua, akishasema jambo moja la faraja huwa amemaliza.

Sasa, chuo hakikuacha kukuandikia. Hilo hatukulitegemea. Kila juma ujumbe: Nsimire, karibu, Nsimire, usisahau kuthibitisha nafasi yako, Nsimire, tutumie cheti cha chanjo, Nsimire, jiunge na wenzako kwenye mkutano wa mtandaoni. Ni mashine inayotuma, lakini inatuma kwa furaha. Mama yako akafanya Jumamosi kuwa siku ya kusomewa. Nilikuwa nafika, ananiwekea kigoda, nami nafasiri huku anasuka. Wateja wakazoea. Kuna waliokuja Jumamosi kwa makusudi wasikie Nsimire ameambiwa nini wiki hii.

Siku moja yakaja maswali ya bweni, ya kukutafutia mwenza wa chumba. Nilitaka kuyaruka. Akakataa. Nikasoma: unalala mapema au unachelewa? Mama yako, bila kuinua macho kwenye kichwa, akajibu, "Analala mapema. Lakini anaongea usingizini, bamwambie huyo mwenziwe asiogope." Je, unapenda chumba kiwe na joto au baridi? "Joto." Je, wewe ni mtu wa usafi? Hapo akasita, akasema, "Andika wastani." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, na nilikuwa kweli nimeanza kuandika. Kidole kilikuwa kimeshagusa *wastani*. Nikakiondoa.

Nilipomsimulia Baba hakucheka. Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Mwajuma, ile nafasi ni ya mtu. Kuna mtoto mahali fulani ameambiwa asubiri kwa sababu ya kiti ambacho hakuna atakayekikalia. Lazima waambiwe." Nikamwambia, huyo mtoto aliyeambiwa asubiri ni mimi. Akavua kiatu cha pili. "Basi ndiyo kazi kuwa ngumu," akasema.

Ilikuwa ngumu kweli, na nataka uelewe kwa nini. Ningemwambia mama yako, Mama, tuwaandikie kwamba Nsimire hayupo, na yeye, ambaye siku moja angejua kwamba nipo kwenye orodha, angesikia nini? Angesikia, sogeza mtoto wako nipite. Nilikuwa nafunga kinywa kila Jumamosi. Siku ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa mwanzoni mwa Mei, na Aprili ilikuwa inakwisha.

Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa anamsuka msichana mdogo, mama wa yule msichana ametoka kwenda duka la spaza. Nilikuwa nimemaliza kusoma. Akasema, "Na weye?"

"Mimi nini, Mama?"

"Mlibonyeza pamoja. Niliweka kidole changu kwa Nsimire, lakini weye pia ulibonyeza. Bo balikuambia nini?"

Nikamwambia. Sikupamba. Aliendelea kusuka mstari mpaka ukaisha, akaufunga mwisho wake, akauliza, "Tangu siku ile ile?" Nikasema ndiyo. "Na ukanisomea ya Nsimire?" Nikasema ndiyo.

Mama wa msichana alirudi, akalipa, wakaondoka. Mama yako akageuza kibao cha mlangoni kikasoma pamefungwa, mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya ila siku ya mazishi. Akakaa mbele yangu. Akasema kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo, si kuhusu mimi, kuhusu chuo. Hakuwa amechanganyikiwa. "Watu banafikiri nimepoteza akili. Nilitaka tu mahali pamoja duniani ambapo banamwita kwa jina na hawajui." Ndivyo alivyosema. Kisha akasema, "Lete simu. Tuandike."

Alisema kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kiingereza. Nitakuwekea alivyosema, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa safi kuliko inavyotakiwa. Alisema: "Mimi ni mama yake Nsimire. Mutoto yangu alikufa mwezi wa pili, kwa ugonjwa aliozaliwa nao. Hakutaka muujue, lakini sasa haidhuru. Asante kwa kumukubali. Alingoja jibu lenu mpaka hospitali. Iyo nafasi mupatie mutoto mwengine." Akafikiri. "Si lazima iwe huyu anayeandika, lakini huyu naye ni muzuri, anajua hesabu sana."

"Mama, hilo siliandiki."

"Sababu?"

"Sababu anayeandika ni mimi."

Akanitazama, na akacheka, Nsimire. Kicheko chake kile cha kuegemea nyuma. Sikuwa nimekisikia tangu Februari. Alicheka mpaka akashika meza ya vitana, halafu kicheko kikageuka, nikasogeza kigoda nikakaa karibu naye. Kisha akasema tuma, nikatuma. Ule mstari haukwenda.

Alijibu mtu, si mashine. Mwanamke wa ofisi ya udahili, aliweka jina lake na namba yake. Alisema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kuisoma insha yako, na kwamba aliwasomea wenzake wa ofisi sehemu ya vijana wa friji. Alisema ofisi yao iko ghorofa ya nne na tangu siku ile anapanda kwa ngazi. Hilo sijui kama ni kweli au ni adabu, lakini mama yako analiamini, na mimi sioni faida ya kubisha. Akasema ufadhili watampa mwombaji mwingine na kwamba jumbe zitasimama. Akaomba anwani.

Jumbe zikasimama kweli. Jumamosi ya kwanza nilienda hata hivyo. Hakukuwa na cha kusoma. Mama yako akanipa kitana nigawe nywele za mteja, nikagawa vibaya, akanitoa.

Mwishoni mwa Mei ilikuja bahasha ngumu. Ndani kulikuwa na barua yako ya kukubaliwa, imechapwa kwenye karatasi nzito yenye muhuri wa chuo, majina yako yote matatu bila kosa. Mama yako aliiweka kwenye fremu na kuitundika saluni juu ya kioo, kwa hiyo mteja akijitazama anakuona wewe juu ya kichwa chake. Anaulizwa kila siku. Jibu lake ni moja, "Ni ya mutoto yangu. Alifaulu." Anayeuliza zaidi anaambiwa zaidi. Kwenye sala zake za asubuhi ameongeza mtu: yule mwanafunzi aliyepata ufadhili wako. Hajui ni mvulana au msichana, wa nchi gani. Anamwombea asome.

Mtu huyo si mimi. Juni waliniandikia kwamba orodha ya kusubiri imefungwa, wananitakia heri. Nilikuwa foleni ya vibali na Baba nilipoisoma, foleni imezunguka jengo. Nikamwonyesha. Akaisoma kwa taabu, akanirudishia simu, akatoa chapati kwenye mfuko wa koti akaikata kati. Tukala. Kibali hatukupata siku hiyo, tuliambiwa turudi.

Lililonishangaza ni kwamba niliumia. Mwaka jana nisingeumia. Nilikuwa nakusindikiza tu, ungesema twende Mauritius ningekwenda. Sasa nimesimama foleni ile nikagundua kwamba nataka kusoma, mimi, kwa ajili yangu, na kwamba hesabu za foleni zenyewe zinaniwasha: kwa nini watu wa dirisha la kushoto huisha haraka, kwa nini ukiongeza karani mmoja foleni haipungui nusu. Nilichora vijimistari nyuma ya risiti. Baba akauliza ninachora nini. Nikamwambia, sisi.

Kwa hiyo ninaomba tena. Vyuo vya hapa Johannesburg, na vya Amerika pia, vya umma, majimbo ya baridi yakiwemo kwa sababu mimi baridi hainidhuru. Nafundisha hesabu watoto wa jengo lenu mchana, kwenye ngazi, maana ndipo penye nafasi.

Na hapa ndipo penye sababu ya barua hii. Nilikutana na mwalimu wetu wa Kiingereza, nikamweleza. Alifurahi. Akasema, safari hii achana na uongozi, andika kuhusu rafiki yako. Andika barua ya kukubaliwa, andika mama yake, andika kanisa lilivyopiga makofi. "Wakisoma hiyo," akasema, "hakuna atakayeweza kukukataa." Alisema kwa nia njema, na nadhani yuko sahihi. Nikarudi nyumbani nikajaribu. Nikaandika aya moja. Ilikuwa nzuri, Nsimire. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na niliisoma nikajiona nimekaa nje ya mlango wa ofisi nimekuweka mbele yangu mapajani, nangoja wanione.

Nikaifuta. Nitaandika foleni.

Lakini maneno yalikuwa yameshaanza kutoka na hayakutaka kurudi, ndiyo maana nimekaa hapa tangu asubuhi. Chai imepoa. Ngoma za kanisa zimenyamaza, watakuwa kwenye mahubiri.

Naaga, rafiki yangu. Mimi nakusomea dua zetu, mama yako anakuimbia nyimbo zenu. Pokea zote, usibague. Na hii ndiyo ahadi, ni moja tu, na naiweza: wakinikubali, watanikubali bila kujua kwamba uliwahi kuwa rafiki yangu. Nitamweleza habari zako mtu nitakayelala naye chumba kimoja, na nitakayekula naye, na watoto wangu nikijaliwa. Wale wa udahili, hapana. Kwao wewe uliomba mara moja, kwa insha yako mwenyewe, ukakubaliwa.

Mwajuma